Kamba Ofisini

Alipostaafu, Mama Wakenga hakuniachia maneno.
Aliniachia faili zilizoliwa na unyevu,
muhuri uliokauka,
na kamba.

Imefungwa kwa misumari miwili, ukuta hadi ukuta,
juu ya meza ya Prefe, pale wengine hutundika ramani.
"Kwetu Mwenga huitwa mutanga," alisema,
akilishusha goti lake baya kitini.
"Wewe ni Mushi. Haidhuru. Kamba haiulizi kabila."

Vimening'inia: gamba la konokono.
Unyoya wa kuku.
Kufuli lisilo na ufunguo.
Chaki iliyobaki ukucha.
Kandambili ya mguu wa kushoto.
Mwishoni, uzi mtupu.

Nilidhani ni mapambo.
Kisha akaanza kuja, kila Jumanne,
akiupanda mlima wa Kadutu kwa fimbo,
akipumzika kwa kila muuza makaa.
Hasalimii sana. Anaketi, anagusa kitu kimoja,
na kunena ni kazi yangu.

Aligusa konokono. Nikasema, "Polepole ndio mwendo."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Hiyo umeisoma nyuma ya lori. Tazama tena."

Nilitazama wiki nzima.
Jumatatu matope yaliteremka, yakafunga njia;
nikafika saa tatu, viatu mkononi,
nikawakuta watoto mia nne wamesimama getini,
wameloa, hawasemi kitu.
Jumanne, kidole chake kilipogusa gamba, nikajibu:
"Aliyebeba nyumba mgongoni hasingizii mvua."
Hakusifu. Alisogeza tu kidole, kwenye unyoya.

Nami ni nani wa kunena vya kuning'inia?
Darasa la tatu nilivishwa kopo shingoni,
kopo la maziwa ya unga, kokoto ndani lilie nikitembea,
kwa kuwa nilisema Mashi uwanjani.
Nililala nalo. Nyanya yangu alikuwa na hadithi usiku ule,
ya sungura na mwenye deni,
nikamwambia, nyamaza, Nyanya, kopo litasikia.
Akanyamaza.
Alinyamaza miaka yote iliyombakia.

Mwezi wa kumi, orodha ya wasiolipa:
majina arobaini na moja, kwa mwandiko wangu mzuri.
Haikuwa Jumanne. Mama Wakenga alikuwa hospitali na goti lake.
Nambari kumi na saba, Asifiwe Ntakwinja,
alisimama mlangoni, daftari kwapani,
vidole vinanuka mafuta ya mandazi ya alfajiri,
akisubiri nimwambie nenda.
Macho yake yalikuwa juu, kwenye kandambili.
Hakuna aliyemuuliza. Alisema kama anayesoma ubaoni:
"Iliyobaki ndiyo inajua mwenzake alipotelea wapi."

Nikamuuliza, nani?
Akaniambia. Mmoja yuko machimboni.
Mmoja anabeba mchanga Ruzizi.
Mmoja, Prefe, ulimtuma nyumbani mwaka jana,
lakini nyumba ilikuwa imeshuka na mlima.

Orodha sikuichana. Walimu nao wana watoto,
na watoto wa walimu nao wanakula.
Niliitia kwenye droo, nikaifunga,
nikakaa na ufunguo mkononi hadi giza,
nikilitazama lile kufuli.

Jumamosi nilishuka sokoni
nikanunua kopo la maziwa ya unga.
Nyumbani tulikunywa maziwa siku nne.
Nikatia kokoto. Nikalifunga kwenye uzi mtupu.

Leo ni Jumanne. Amepona nusu, amepanda.
Amelikuta.
Amelitikisa kidogo, likalia,
na mgongo wangu mzima ukasikia.
Kidole chake kiko pale. Anangoja.
Nimefungua mdomo, sina kitu.

Nje ni mapumziko. Vumbi, makelele;
wanarushiana Mashi na Kilega na Kiswahili cha Kadutu
kama mpira wa matambara,
na hakuna anayeangalia nyuma.
Kengele imelia, wameingia.
Mama Wakenga hajaondoa kidole.